Nilishuka Bukene Kumtafuta Aliyepona

Siku habari za titi langu zilipotoka nje ya ua wetu, kila aliyekuja kunipa pole alikuja na bingwa wake. Shangazi alikuwa na bingwa wa mizizi. Jirani alikuwa na wa maji ya baraka. Fundi aliyekuja kuziba bati linalovuja alikuwa na bingwa mwenye mashine ya kusoma mwili mzima kupitia kiganja cha mkono. Nilikuwa nimelala mkekani, nimetoka kuambiwa nina kansa, na tayari nilikuwa na mabingwa wengi kuliko vidonge.

Naitwa Kalunde. Nimezaliwa Tabora, nakaa mtaa wa Ng'ambo, ni mjane, na kazi yangu ni kununua asali vijijini, hasa Ulyankulu, na kuiuza mjini. Naandika sasa kwa kuwa mabaya makubwa yamepita. Titi la kushoto halipo, nywele zimerudi na mvi ambazo sikuwa nazo, na daktari ananiita mara chache. Elimu ya kansa ya kukupa sina. Nina ubishi, na huo naugawa bure.

Ubishi wenyewe nimeupata kwenye asali. Katika asali kila muuzaji ni bingwa. Atachovya njiti ya kibiriti aiwashe mbele yako, atadondosha tone kwenye karatasi akuonyeshe halipenyi, ataapa kwa kaburi la baba yake, na bado utafika nyumbani na dumu la sukari iliyochemshwa. Mimi njiti siziangalii. Nauliza tu: mwaka jana ulimuuzia nani? Kisha nakwenda kwa huyo mtu. Wapo waliokasirika wakaniita mchawi. Mwenye asali nzuri hakasiriki, hunielekeza njia na kuniambia nimsalimie.

Uvimbe niliugusa nikioga, mvua za kwanza zilipoanza kupiga bati. Vipimo vilipojibu, maembe yalikuwa yamejaa sokoni hadi hayana mnunuzi. Hospitali ya Mwanza wakanipangia: dripu za dawa ya kansa kwanza, ziupunguze uvimbe, kisha kisu. Nikaanza safari za treni. Tangu hapo sikuhesabu tena miezi, nilihesabu dripu.

Kule tulisubiri kwenye mabenchi ya chuma yanayopenyeza baridi mpaka kwenye nyonga. Unafika asubuhi, unakabidhi kadi, unakaa. Wanawake wa vitambaa vya kichwa tumepangana, kila mmoja na kichupa chake cha maji na ndoo ndogo ya kutapikia njiani. Mwanzoni hatusemeshani. Kisha mmoja anauliza, "Wewe ya ngapi?" ukijibu ya kwanza wote wanakutazama kwa huruma, ukijibu ya tano wanakutazama kwa heshima. Kulikuwa na nesi mmoja mnene aliyekuwa akitafuta mshipa huku akiimba kwa sauti ndogo, na alipoupata mara ya kwanza bila kunichoma mara mbili, nilitamani kumbusu mkono.

Dripu ya pili iliondoka na nywele. Ziliachia mafungu mafungu kwenye mto, na mama yangu mzazi, ambaye ninakaa naye, alizikusanya akazifukia nyuma ya choo, kama anavyofanya na vitu vya msiba. Dripu ya tatu iliingia mdomoni. Vidonda kwenye ulimi, kucha zikapiga weusi, na asali, kitu kilichonilisha na kuwasomesha wanangu, ikawa na ladha ya msumari. Nililia kwa ajili ya asali kuliko nilivyolia kwa ajili ya nywele.

Nyumbani watu walianza kunitembelea kwa kunyata. Walinong'ona. Walinisifia nimependeza. Aliyekataa upuuzi huo ni mmoja tu, Mwanahawa, jirani yangu Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume mfanyakazi wa reli, akabaki. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani, na mtani hana haya. Baba yangu alipozikwa, Mwanahawa aliingia kaburini kabla ya maiti, akakaa, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Tulicheka na machozi yakitutoka.

Sasa aliingia chumbani kwangu na bakuli la uji, akanivua kitambaa, akakishika kichwa changu kama anayechagua tikiti sokoni.

"Ndiyo maana," akasema. "Babu zako walibeba meno ya tembo utosini mpaka nywele zikaisha. Wewe umerithi, unasingizia dripu."

"Na nyie mlikuwa mnatungoja pwani mtuuzie maji ya chumvi," nikamjibu. "Nipe uji, mwizi wewe."

Ulikuwa mzaha wangu wa kwanza baada ya wiki nzima. Nikanywa bakuli lote.

Bingwa ambaye ndiye habari yangu aliletwa na kaka yangu mkubwa, Mihayo. Ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, na ananipenda, hilo naomba lieleweke. Alinikuta nikitapika baada ya dripu ya tatu, akatoka nje, na aliporudi jioni alikuwa na sauti kwenye simu. Mwanamke anasema: "Mimi naitwa Mama Kulwa, nauza mchele hapa Bukene jirani na stesheni. Nilikuwa na uvimbe kwenye titi, nimeteseka, silali. Nimetumia dawa ya Profesa, uvimbe umekwisha, bila kisu. Namshukuru Mungu." Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya kuvutia: "Huyo ni mgonjwa wa kansa, ndugu msikilizaji. Leo ni mzima."

Mama aliomba irudiwe. Aliisikiliza kwa macho yaliyofumba, halafu akanishika goti. "Mwanangu, bila kisu. Umesikia?"

Nilisikia. Na nitasema kweli: nilitaka iwe kweli. Mtu aliyetapika nyongo siku tatu mfululizo hahitaji kushawishiwa sana.

Twende tukamwone huyo Profesa, nikasema, lakini Mwanahawa anasindikiza. Mihayo akanuna, akakubali.

Profesa alipanga nyumba hapa hapa Ng'ambo. Barazani kulikuwa na viti vya plastiki vimejaa watu, na juu ya mlango spika ikirudia ile sauti ya Bukene, ikiisha inaanza. Mwenyewe alivaa koti jeupe na vipimo vya daktari shingoni. Alitusalimia "Mwangaluka" kwa madaha ya Kinyamwezi, akatueleza kuwa yeye ni damu ya Unyamwezi, mjukuu wa waganga wa Ulyankulu, na akaongeza masomo ya nje.

"Nje wapi?" nikauliza.

"Nje, mama. Nje ya nchi."

"Na kibali cha kutibu?"

"Kinashughulikiwa, kiko njiani." Akatabasamu kwa kaka yangu, si kwangu. "Sharti langu ni moja. Zile dripu aziache leo. Zinachoma damu. Dawa yangu haikai chungu kimoja na sumu."

Mihayo alitikisa kichwa kukubali. Nikamwuliza Profesa kuna nani mwingine aliyepona, wa hapa mjini, nimfikie kwa mguu. Akasema wagonjwa wake ni siri. Wa Bukene je? Akasema yule aliruhusu mwenyewe.

Wakati huo Mwanahawa alikuwa amekaa kimya, na kimya chake hakijawahi kuwa cha heri. Akanyanyuka, akamzunguka Profesa, akamvua vile vipimo shingoni, akajivika yeye.

"Kumbe Mnyamwezi wa damu!" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mpagazi wangu wewe! Umefika, umetua mzigo kabla sijakuruhusu? Koti jeupe la nini, ulimwibia mwokaji mikate? Hebu niletee maji, nimechoka."

Baraza zima lilichangamka, mzee mmoja akaanza kucheka kabisa. Tulikuwa tunangoja jibu. Mnyamwezi yeyote hapo, hata mtoto wa shule, angemwambia Mzaramo neno baya zaidi, wangeshikana mikono, na mgonjwa angesahau maumivu kidogo.

Profesa alibadilika rangi. "Huna adabu!" akafoka. "Unanijua mimi? Nitakuitia polisi sasa hivi! Vua!"

Kicheko cha mzee kikakatika. Mwanahawa mwenyewe alishtuka. Alivua vipimo taratibu, akaviweka mezani, akanitazama. Kumfokea mtani namna ile hakupo kwetu. Salamu mtu anajifunza kwa siku moja, utani unaunyonya kwa mama.

Njiani Mihayo alitusema vibaya. Tumemtia aibu, tumemtukana mtaalamu.

"Kaka, yule si Mnyamwezi."

"Na awe Mmakonde! Dawa ina kabila?" Alisimama katikati ya njia, macho mekundu. "Mimi nimemzika baba, nimemzika mumeo. Wewe sitaki kukuzika, Kalunde. Mama wa Bukene amepona. Sauti yake umeisikia kwa masikio yako. Mjibu huyo."

Hapo alinibana. Bingwa anaweza kudanganya alikozaliwa na dawa yake ikafanya kazi. Nikamwambia, "Basi nitakwenda Bukene. Nikimkuta amepona kansa, naacha dripu, nakunywa dawa ya huyo bwana mpaka chupa iishe, na sitabisha tena."

"Utakwenda kwa watu usiowajua, ukawaulize kama ni waongo?"

Swali lake lilinieleza jinsi yule bwana alivyotujua. Kwetu mtu akishasema jina lake, kazi yake na mji wake, umemaliza. Kwenda kuhakikisha ni kumtukana. Ndiyo maana aliweza kutaja mpaka stesheni bila wasiwasi: alijua adabu yetu itamlinda. Mimi adabu nilikuwa nayo, ila uvimbe ulikuwa wangu.

Tulishuka Bukene mimi na Mwanahawa mvua ikiwa imetoka kukatika, majaruba ya mpunga yamejaa maji pande zote. Nilikuwa nimebakiza siku chache niende dripu ya nne, na miguu ilikuwa inawaka moto kwenye nyayo. Hatukuuliza zaidi ya mara moja. Mama Kulwa alikuwa pale pale aliposema, nyuma ya magunia yake ya mchele, mwanamke mchanga mwenye afya, na mapacha wake Kulwa na Doto wanagombania kikopo miguuni pake.

Nilimtazama toka utosini hadi miguuni. Amepona, nikawaza. Amepona kweli.

Alituona tumechoka, akatukaribisha kwake, akatupikia wali kabla hajauliza shida yetu. Tulikula. Ningeweza kuondoka pale nimeshiba na nimeridhika, na adabu ingekuwa imetimia. Lakini Mwanahawa alinikanyaga mguu, nikatoa simu, nikaiweka ile sauti.

Mama Kulwa alisikiliza huku akitabasamu, kama anavyofanya mtu yeyote akisikia sauti yake. "Ndiyo mimi! Kiangazi kilichopita. Yule bwana alikuja mnadani na gari. Nilikuwa na hali mbaya, akanipa dawa ya kupaka, nikapona. Nilimshukuru, akasema anarekodi iwe kumbukumbu." Kisha sauti ya mwanamume ikaingia, ikasema neno lake. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Kansa? Nani kasema kansa?"

"Dada," nikamwambia, "kansa ndiyo ugonjwa wangu. Nipe mkono wako."

Nikauchukua, nikaupitisha chini ya khanga, nikauweka penye uvimbe. Aliminya kidogo, akauvuta haraka.

"La, la! Langu halikuwa hivi. Nilikuwa nanyonyesha hawa wawili, maziwa yakaganda, titi likaunguza moto, likapasuka likatoa usaha. Lilikuwa jipu! Hili lako ni jiwe." Akanitazama kichwani, kwenye kitambaa, akaelewa. "Mungu wangu. Watu wangapi wanaisikia hii sauti?"

"Inalia pale mchana kutwa."

"Na hakuna aliyekuja kuniuliza?"

"Sisi ni wa kwanza."

Alianza kulia. Nami nililia, ila machozi yangu yalikuwa ya aina mbili kwa pamoja, na naomba wagonjwa wenzangu wanielewe. Nilikuwa nimeshinda ubishi na nimepoteza njia ya bila kisu. Kwa dakika chache pale nilimchukia huyu mwanamke kwa kuwa na jipu. Mwanahawa peke yake hakulia. Alimfuta Doto makamasi akasema, "Mkimaliza, mniambie tunafanya nini."

Mama Kulwa alimaliza, akafunga magunia, akamwomba shemeji yake aangalie genge. Tulirudi Tabora wote, Kulwa mgongoni kwa mama yake, Doto mgongoni kwa Mwanahawa, ambaye alilalamika njia nzima kwamba dunia imeharibika, leo Mzaramo ndiye mpagazi na Mnyamwezi anatembea mikono mitupu.

Nilimtumia Mihayo ujumbe atukute barazani kwa Profesa. Alikuja, amekunja uso, akakaa nyuma. Viti vilikuwa vimejaa kama siku ile. Spika ilikuwa inasema: "Mimi naitwa Mama Kulwa, nauza mchele hapa Bukene..."

"Huyo ni mimi," Mama Kulwa akasema.

Watu wakageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, na kwa kuwa Kulwa alikuwa analia njaa, alikaa kwenye kizingiti, akatoa titi, akampa. "Titi lenyewe ni hili. Lilikuwa na jipu la maziwa, likapona, mtoto ananyonya. Kansa sijawahi kuugua, sijui hata inafananaje. Juzi ndiyo nimeigusa mara ya kwanza, kwa huyu dada."

Profesa alitoka ndani. Alisema huyu mwanamke ametumwa na maadui. Alisema amepewa kitu. Mama Kulwa alimsikiliza mpaka mwisho, mtoto akinyonya, halafu akajibu kwa upole kabisa, "Mzee, kwa jipu nakushukuru mpaka leo. Lakini kansa uliitoa wapi ukanipa?"

Juu ya mlango sauti ilikuwa imeanza upya, mimi naitwa Mama Kulwa, nauza mchele. Mihayo alisimama. Nilidhani anatoka nje. Alikwenda ukutani, akaufuata waya kwa mkono, akauchomoa.

Usidhani kwamba wote waliondoka. Wengi walibaki. Mzee mmoja alituambia tunazuia riziki za watu na tiba za watu. Mama mmoja alimwuliza Profesa kama leo atahudumia bado. Nawaelewa. Ukishapanda na kukaa kwenye kiti cha matumaini, kushuka ni kazi nzito. Yule bwana mwenyewe alihama Ng'ambo haikupita muda, na nasikia huko aliko ana jina jipya na sauti nyingine kwenye spika. Kwa hiyo wewe uliyeshika kadi ya hospitali na unaambiwa kuna bingwa, mwulize mgonjwa wake yuko wapi, kisha funga safari. Dawa za kienyeji sizitukani, nimelelewa nazo. Namtukana anayeniambia nisiulize. Akikuambia ni siri, akikasirika, akikutaka uache dripu kabla hajakuonyesha mtu wa kushikwa mkono, nyanyuka. Watakuita huna adabu. Acha wakuite, wewe ukiwa hai.

Siku ile tulitoka barazani pale jua likiwa kali, Mihayo amebeba mkoba wangu kama mtu aliyetumwa, mimi nimemshika bega kwa sababu nyayo zilikuwa zinaniuma. Hatujafika mbali tukasikia kandambili zikikimbia nyuma yetu. Alikuwa msichana wa rika la binti yangu, amejifunga khanga kifuani kwa kukaza, kama tunavyokaza sisi tunaoficha kitu. Nilikuwa nimemwona ndani, amekaa na mama yake, na mama yake alikuwa amemshika kiganja.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Aligeuka nyuma kutazama ule mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Treni ya Mwanza inaondoka lini?"

"Kesho kutwa," nikamwambia. "Nami nasafiri. Chukua shuka zito, mabenchi ya kule yana baridi, na uje mapema tukae pamoja."

"Mama hatakubali."

"Mimi wangu pia hakukubali."

Kesho kutwa yake nilikaa stesheni tangu mapema, nimeweka mkoba kwenye nafasi ya pembeni yangu ili asikae mtu. Watu wakapanda. Mihayo akanihimiza nipande. Nikakataa, na filimbi ilipokuwa inakaribia kupigwa, nikawaona wanakuja kwa haraka wakivuka reli, msichana mbele na shuka begani, na nyuma yake, amebeba kapu la chakula, mama yake.